Ulanzi, mvinyo wa wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini

Ulanzi ni kilevi kinachotokana na utomvu wa machipukizi ya mlanzi, aina ya mwanzi inayostawi katika vilima vya Iringa na Njombe na kufika sehemu za Ruvuma na Mbeya. Hauhitaji nafaka wala tunda. Hakuna kusaga, kuloweka wala kupika. Chipukizi hukatwa ncha, utomvu hudondoka ndani ya chombo, na katika saa chache umekwisha kuchachuka. Ndugu yake wa karibu ni tembo la mnazi wa pwani, ingawa mnazi hugemwa mwaka mzima na mlanzi hugemwa wakati wa mvua tu. Bia ya mtama au ya mahindi iko mbali nao wote wawili, kwa sababu nafaka lazima ioteshwe na kupikwa kabla wanga wake haujageuka sukari.

Nchi ya ulanzi ina mipaka inayoonekana kwa macho, na mahali pazuri pa kuuanza mpaka huo ni Chimala. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Mbarali, uliopo kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia na kwenye reli ya TAZARA, umekaa chini ya ukuta wa milima. Kusini yake barabara ya Matamba inapanda kwa kona zinazotajwa kuwa hamsini na saba, kuelekea uwanda wa Kitulo ulio juu ya mita 2,600, ambako usiku wa Juni na Julai umande huganda na wakulima hutegemea viazi. Kaskazini yake lipo bonde la Usangu, lenye joto na mashamba makubwa ya mpunga. Mlanzi wa kugemwa umezoea zaidi vilima vya katikati, vya mita 1,500 hadi 2,000 hivi, penye mvua za msimu mmoja mrefu na udongo usiotuamisha maji. Kutoka Chimala barabara inapita Igawa na kupanda hadi Makambako, kisha inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Njombe na Songea, mwingine Mafinga na Iringa. Katika mikono hiyo miwili ndiko vichaka vya milanzi vinakozunguka nyumba, kufuata mabonde na kuweka mipaka ya mashamba, na ndiko Wahehe na Wabena walikoujenga ujuzi wa kuigema.

Kwa wataalamu wa mimea, mlanzi ni nyasi. Umo katika ukoo mmoja na mahindi, mpunga na muwa. Mtaalamu Mjerumani Pilger aliuita Oxytenanthera braunii, na jina hilo bado linatumika sana katika maandishi ya Tanzania. Leo wengi wanauhesabu kuwa sehemu ya Oxytenanthera abyssinica, mwanzi unaopatikana katika maeneo makavu kiasi ya Afrika kuanzia Senegali hadi Ethiopia na kushuka hadi Msumbiji. Mahali pengi mwanzi huo ni wa kujengea, kusukia vikapu na kuzungushia ua. Sifa ya kuugema imeshika mizizi hasa katika Nyanda za Juu Kusini, na jambo hilo linastahili kuangaliwa vizuri zaidi kuliko linavyoangaliwa. Mmea upo karibu kila mahali. Kilicho cha hapa ni ujuzi, pamoja na vichaka vilivyochaguliwa na vizazi vya wagemaji. Mlanzi unaotoa vizuri huzidishwa kwa kuchimba kipande cha shina lake la ardhini na kukipanda kwingine, kwa hiyo kichaka cha mjukuu ni mwili uleule wa kichaka cha babu. Mizabibu ya kale ya Ulaya iliendelezwa kwa njia hiyohiyo, kwa vipandikizi, si kwa mbegu.

Utamu wa utomvu una sababu yake. Katika kiangazi majani hutengeneza chakula, na mmea hukihifadhi ardhini kama wanga. Mvua zinapoanza, mashina ya ardhini husukuma machipukizi yanayokua kwa kasi kubwa, na ili yakue wanga huo hugeuzwa sukari na kupandishwa juu pamoja na maji mengi. Mgemaji anapokata ncha, chipukizi halina tena pa kuupeleka mzigo huo, lakini mizizi inaendelea kusukuma. Sukari iliyokusudiwa kujenga mwanzi wa mita kadhaa inadondoka. Ndiyo maana msimu hufuata mvua, kuanzia Desemba au Januari hadi Aprili au Mei, na ndiyo maana mvua zikichelewa ulanzi nao huchelewa.

Kazi yenyewe inataka mkono mwepesi. Chipukizi huachwa lifikie urefu wa mita moja hivi, likiwa bado laini, kisha hukatwa ncha kwa kisu kikali. Chini ya kidonda hufungwa mbeta, kipande cha mwanzi mnene kilichokatwa chini ya kifundo ili kifundo hicho kiwe kitako chake. Asubuhi na jioni mgemaji hupita, humimina kilichopatikana, kisha hukata tena ubapa mwembamba juu ya kidonda, kwa maana kidonda kikiachwa huziba na utomvu hukoma. Ubapa ukiwa mnene, chipukizi linaisha kabla ya siku zake. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, njia za maji hazifunguki. Tofauti ya mgemaji hodari na mwanagenzi ipo hapo, na hakuna mashine iliyowahi kuichukua nafasi ya jicho lake.

Mbeta ni zaidi ya chombo cha kupokelea. Ikishatumika, kuta zake hubaki na hamira na bakteria wa mavuno yaliyotangulia, kwa hiyo utomvu mbichi unapoingia unakuta chachu inausubiri. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu matunda na mboga zilizochachushwa duniani, linaueleza ulanzi kuwa kinywaji cheupe, kitamu na chenye kileo, kinachoanza kuchachuka mara moja na kufikia nguvu inayotakiwa baada ya saa 5 hadi 12. Kitabu hicho kinasisitiza usafi wa chombo, kwani utomvu wenye sukari nyingi ni chakula cha kila kijidudu na si cha hamira peke yake.

Wanywaji wana majina ya hatua zake. Ulanzi wa saa za mwanzo, mtamu na laini, huitwa mtogwa. Ukikaa ukapoteza utamu na kupata ukali, huwa mkangafu, na huo ndio wanaoutafuta wazoefu. Kinachotokea kati ya hatua hizo kinaeleweka vizuri. Hamira, hasa Saccharomyces cerevisiae, ileile inayoumua mkate na kuchachusha zabibu, hula sukari na kutoa kileo na hewa ya ukaa; bakteria wa asidi ya laktiki huongeza uchachu unaofanana na wa maziwa ya mgando. Kileo hufika karibu asilimia 5, sawa na bia ya kawaida. Kisha huja kundi la tatu, bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki, na hao hawangoji mteja. Mkangafu wa leo jioni unaweza kuwa siki baada ya siku mbili tatu.

Hapa ndipo ilipo shida kubwa ya ulanzi. Mvinyo wa zabibu una kileo cha asilimia 11 hadi 14 na asidi ya kutosha, kwa hiyo unajilinda wenyewe kwa kiasi kikubwa, na ukifungwa vizuri hukaa miaka. Ulanzi hauna kinga hiyo. Unavunwa na kila mtu katika miezi ileile, bei hushuka wakati wa wingi, na kinachobaki humwagwa. Kiangazi kikifika, kilabu kilichokuwa na madumu ya ulanzi mlangoni hugeukia pombe za nafaka. Mgemaji anafanya kazi ya ustadi mkubwa, lakini saa alizonazo za kuuza alichogema ni chache kuliko za muuza maziwa.

Biashara imejipanga kuikimbiza saa hiyo. Kugema mara nyingi ni kazi ya wanaume, na kuuza mara nyingi ni kazi ya wanawake. Ulanzi hushushwa alfajiri kutoka mashambani kwa baiskeli na pikipiki, katika ndoo na madumu ya plastiki, hadi Ilula, Mafinga, Makambako na Iringa mjini, na vifuniko vya madumu hulegezwa ili hewa ya uchachu isiyapasue. Dumu ni jepesi na halivunjiki, na ndiyo maana limeishinda mbeta barabarani. Lakini lisipooshwa kwa maji ya moto hubeba siki ya jana hadi ulanzi wa leo, na kuongezewa maji njiani ni malalamiko ya zamani ya wanywaji. Nyumbani ulanzi una kazi nyingine: humlipa jirani aliyekuja kusaidia palizi, hukaribisha wageni wa posa, husindikiza msiba, na kidogo chake humwagwa chini pale wazee wanapotajwa.

Makala yoyote ya haki kuhusu ulanzi lazima iyaseme pia madhara yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa na asilimia 50.4 mkoani Njombe, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha mingine. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo kazi nzito za mama shambani, uji wa mahindi matupu, na muda mdogo wa kumlisha mtoto mara za kutosha kwa siku. Ila msimu wa ulanzi unaangukia miezi ileile ya palizi na ghala kupungua, na mzazi anayeshinda kilabuni katika miezi hiyo anamnyima mtoto wake chakula na uangalizi kwa pamoja. Kumpa mtoto mtogwa kwa kuwa ni mtamu ni kosa, kwa sababu uchachu umeshaanza kabla chombo hakijafika nyumbani. Kuutetea ulanzi kama urithi hakuwezi kutenganishwa na kutaka unywewe na watu wazima, kwa kiasi, na saa za jioni.

Serikali imeuwekea ulanzi sheria za pombe zote za kienyeji. Sheria ya Vileo ya 1968 inadai leseni ya kuuza na kuweka saa za kufungua vilabu. Kuukeneka ulanzi au pombe nyingine kienyeji ili kupata gongo ni jambo jingine kabisa na lina sheria yake ya 1966. Anayetaka kuufunga kwenye chupa na kuupeleka dukani huingia katika mkondo wa viwanda: Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 linasimamia pia usalama wa chakula, pamoja na ushuru wa bidhaa unaokusanywa na Mamlaka ya Mapato. Kwa mgemaji mmoja milango hiyo ni mizito. Kwa kikundi chenye chumba safi, jiko na mtu mmoja anayejua kutunza kumbukumbu, inapitika, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Tanzania tayari ina mfano wa mvinyo uliopata ulezi. Zabibu za Dodoma zilikuja na wamisionari, na katika miaka ya 1950 misheni ya Bihawana ilikuwa na shamba lake. Baadaye serikali iliingia kwa nguvu, ikajengwa mitambo ya kusindika na kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI. Wataalamu waligundua kwamba katika hali ya hewa ya Dodoma mzabibu unaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya haliwezekani. Zabibu nyekundu iliyopandwa sana huko inaitwa Makutupora Red, kwa jina la mahali. Mmea mgeni ulipewa kituo, wataalamu, mitambo na jina. Mlanzi, ulio wa wenyeji, haukupata hata kimoja. Hakuna sababu ya kuuonea wivu mzabibu, lakini ipo kila sababu ya kudai kipimo kilekile.

Mifano ya kuhifadhi kinywaji cha aina hii ipo pia. Nchini Nigeria taasisi ya utafiti wa michikichi, NIFOR, hufunga tembo la mchikichi kwenye chupa baada ya kulipasha moto kiasi cha kuua hamira na bakteria bila kulichemsha. Mjini Arusha kampuni ya Banana Investments, iliyoanza katika miaka ya 1990, imeonyesha kwamba pombe ya ndizi, iliyokuwa ya kata na kibuyu, inaweza kusimama kwenye rafu ya duka ikiwa na lebo. Kwa ulanzi njia ni hizohizo: kuchuja, kupasha moto kwa nyuzi zisizofika mchemko, kufunga chupa ikingali moto, au kuupoza mara tu unapotoka shambani ili uchachu upungue kasi. Kila njia ina gharama yake. Moto hubadilisha ladha na kuliondoa lile povu hai ambalo wanywaji hulitambua ulimini. Ubaridi huitunza ladha, lakini unadai umeme na gari lenye jokofu. Kwa maoni ya makala hii, kikundi kidogo kianze na baridi katika soko la karibu, kisha moto kwa soko la mbali, na kisiuze kinywaji kimoja kwa jina la kingine.

Duniani vinywaji vya milimani vilivyokaribia kusahauliwa vimerudi kwa kuanzia kwenye mmea. Katika miaka ya 1980 mkulima wa Italia, Guido Cocci Grifoni, alipanda mlima hadi Arquata del Tronto, karibu mita 1,000, akachukua vipandikizi vya zabibu ya kale iitwayo Pecorino iliyokuwa imebaki kwenye mashamba machache, akaipanda upya. Leo ni miongoni mwa zabibu zinazoutambulisha mkoa wa Marche. Nchini Georgia ufundi wa kuchachusha mvinyo ndani ya mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini uliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mfano unaokaribia zaidi ulanzi ni pulque ya Meksiko, utomvu uliochachuka wa mmea wa agave: nao hukusanywa mara mbili kwa siku kwa kukwangua kidonda, nao huharibika kwa siku chache, na mmea ukishagemwa hufa. Katika karne ya 20 bia ya viwandani iliishinda pulque, na mashamba mengi ya agave yakang'olewa. Agave huchukua miaka mingi kukomaa, hivyo wanywaji waliporudi kuitafuta, mmea haukuwepo wa kuwatosha.

Hatari hiyo inaikabili milanzi. Ardhi ya Mufindi na Kilolo imevutwa na misitu ya kupandwa. Sao Hill, shamba kubwa la serikali la misonobari, lipo hapohapo, na wakulima wadogo nao wamegeuza vilima vyao kuwa vya mbao. Njombe imeingia katika parachichi. Mazao haya yanaleta fedha, na hakuna anayeweza kumlaumu mkulima kwa kuyachagua, lakini kichaka cha mlanzi kilichong'olewa ili kupisha miche hakirudi chenyewe. Pamoja na hayo mlanzi una tabia ya mianzi mingi: hukaa miaka mingi bila maua, kisha kichaka huchanua chote na kufa. Eneo lililojaa vipande vya kichaka kimoja linaweza kuchanua kwa pamoja, na wagemaji wakajikuta hawana kitu kwa msimu baada ya msimu.

Kichaka pia kina faida isiyopimwa kwa lita. Mizizi yake iliyosukwa hushika kingo za mito na vilima vyenye mteremko, na majani yake hufunika udongo. Maji ya milima hii hushuka Usangu na kulisha Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, huku mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yakiutegemea. Mpunga wa Chimala unakunywa maji ya milima hiyohiyo. Mkulima anayebakiza milanzi bondeni kwa ajili ya ulanzi anafanya pia kazi ya bonde zima, na Tanzania, iliyo mwanachama wa shirika la kimataifa la mianzi na henzirani, INBAR, tangu lilipoanzishwa mwaka 1997, ina pa kuomba ujuzi wa kuizidisha.

Kufufua kichaka cha zamani huanza kiangazi. Mianzi mikavu na iliyooza hukatwa usawa wa ardhi ili mwanga uingie, ile yenye majani mabichi huachwa, na katikati ya kichaka hurudishiwa samadi na udongo. Mvua zikianza, machipukizi hugawanywa: baadhi hugemwa, na mengine, yaliyo manene na yaliyo pembeni, huachwa yawe mianzi. Mgemaji mwenye tamaa hugema yote, na kwa misimu michache anapata lita nyingi, kisha kichaka huanza kutoa machipukizi membamba kama vidole, kwa maana hakuna tena majani ya kuijazia mizizi wanga.

Kichaka kipya hupandwa mwanzoni mwa mvua, kwa kipande cha shina la ardhini chenye macho na kipande cha mwanzi wenye umri wa mwaka mmoja au miwili, kilichochimbwa pembeni mwa kichaka kinachojulikana kwa kutoa vizuri. Ni busara kuchukua vipande kutoka vichaka vya vijiji tofauti, ili siku kimoja kitakapochanua na kufa, vingine vibaki. Hupandwa kwa nafasi ya mita kadhaa, hufunikwa nyasi ili unyevu ubaki, na huzungushiwa ua dhidi ya ng'ombe na mbuzi, wanaopenda machipukizi kama mtu apendavyo muwa. Katika miaka ya kwanza machipukizi yote huachwa yakue, hata yawe manene kiasi gani, na mbeta ya kwanza hufungwa pale tu kichaka kinapokuwa na mianzi mizima ya kutosha kujaza mizizi wanga katika kiangazi kinachofuata.